Mkono Mwepesi Kwenye Theluji

Mwezi wa kumi ukiingia, watu wa nchi za kaskazini huanza kuyafunika magari yao ya spoti. Betri hutolewa, matairi huongezwa upepo, turubai hutandazwa, na banda hufungwa mpaka Aprili. Miezi hiyo yote mwenye gari huenda kazini na gari lingine, refu na zito, la fowili. Ukimuuliza sababu atakujibu bila kusita: gari dogo linalosukumwa na magurudumu ya nyuma halifai kwenye theluji.

Mimi napinga. Naishi kaskazini mwa Uswidi, gari langu ni Mazda MX-5 ya zamani yenye viti viwili, na baridi ikija nalibadilisha matairi, basi. Sisemi kwamba linaishinda fowili kupanda mlima. Haliishindi. Nasema kwamba hakuna shule ya udereva inayolifikia, na kwamba ufundi wa kuliongoza barabara ikiwa nyeupe unastahili kusifiwa kwa sauti, kwa kuwa ni ufundi wa mkono mwepesi na akili iliyotulia, na ufundi wa namna hiyo unazidi kuadimika.

Tuanze na chombo chenyewe. Katika magari mengi madogo ya leo magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Hayo hayo ndiyo yanayokata kona, na hayo hayo hubeba sehemu kubwa ya kazi ya breki. Katika gari linalosukuma nyuma kazi zimegawanywa: mbele panaelekeza, nyuma panasukuma. Kwenye lami kavu dereva wa kawaida anaweza kumaliza mwaka asiione tofauti hiyo. Kwenye theluji ataiona kabla hajatoka nje ya geti. Ukizidisha mafuta kwenye gari la kuvuta mbele, pua hugoma kukata kona, gari hunyoosha moja kwa moja, na wewe unabaki umeshika usukani usiosikia. Ukiyazidisha kwenye gari la kusukuma nyuma, mkia unatoka, lakini magurudumu ya mbele bado yana mshiko na usukani bado unakutii. Umepewa nafasi ya kurekebisha. Ufundi wote umo ndani ya nafasi hiyo.

MX-5 ilioneshwa kwa umma mara ya kwanza Chicago mwaka 1989. Ile ya kizazi cha kwanza ina uzito chini kidogo ya tani moja, injini yake imesogezwa nyuma ya ekseli ya mbele, na mzigo umegawanyika karibu nusu kwa nusu baina ya mbele na nyuma. Matairi yake ya asili yana upana wa milimita 185, ambayo kwa viwango vya leo ni membamba, na kwenye theluji wembamba ni neema. Tairi jembamba huichimba theluji na kushuka kutafuta kitu kigumu chini yake. Tairi pana huelea juu. Walioichora walikuwa wakifikiria jua na barabara za milimani, ila walichokitafuta, yaani wepesi, mizani na usukani unaosema ukweli, ndicho hasa theluji inachokidai.

Kila tairi lina akiba yake ya mshiko. Kwenye lami kavu akiba hiyo ni kama 0.8 ya uzito unaolikalia tairi. Kwenye theluji iliyoshindiliwa hushuka hadi 0.2 au 0.3, na kwenye barafu laini hufika 0.1 au chini yake. Hesabu ya namba hizo barabarani ni hii: gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, likipigwa breki kwa ustadi wote, husimama ndani ya mita 12 hivi kwenye lami kavu. Kwenye theluji ya 0.2 linataka karibu mita 50. Kwenye barafu ya 0.1 linataka karibu mita 100, na hapo sijahesabu mita zinazopita wakati dereva anashtuka.

Na akiba hiyo ndogo hugawanywa kwa kazi tatu: kusimama, kukata kona na kusukuma. Ukiimaliza kwa breki, hakuna iliyobaki kwa kona. Ndiyo maana dereva mzuri wa theluji hutenganisha kazi zake. Anapiga breki gari likiwa limenyooka, anaachia, anakata kona, kisha anarudisha mafuta polepole usukani unaponyooka. Ukimtazama kwa nje utaona mtu asiyefanya chochote. Gari linapita tu, bila kishindo, na nyuma yake kuna alama mbili safi za matairi.

Kisha kuna uzito, na hili ndilo somo kubwa kuliko yote. Ukiachia mafuta, uzito wa gari huegemea mbele, magurudumu ya mbele hukandamizwa na kupata mshiko zaidi, ya nyuma hupunguziwa. Ukikanyaga, uzito hurudi nyuma. Mambo haya hutokea kila siku, kwenye kila gari, katika kila barabara ya dunia, ila mshiko wa lami kavu ni mwingi mno kiasi kwamba hayasikiki. Theluji huyaanika. Kunyanyua kidole gumba cha mguu kunatosha kuifanya pua iingie kona, na kukirudisha kunatosha kuufanya mkia ukae. Dereva anagundua kwamba mguu wa kulia nao unaelekeza gari, na kwamba usukani ni mmoja tu wa viongozi wake.

Faida nyingine ya theluji ni kwamba inashusha mwendo wa somo. Kona ambayo kwenye lami kavu ingelifikisha gari kwenye ukingo wa uwezo wake kwa kilomita 60, kwenye theluji ya 0.2 inalifikisha hapo kwa kilomita 30. Mwendo ukiwa nusu, nguvu ya kugonga kitu ni robo. Maana yake ni kwamba yale anayoyajua dereva wa mashindano, ambayo kwenye lami hujifunzwa kwa mwendo wa kupeleka mtu hospitali, mtu wa kawaida anaweza kuyagusa kwa mwendo wa baiskeli, kwenye uwanja mtupu, na kurudi nyumbani salama. Sijui zawadi nyingine ambayo majira ya baridi humpa dereva iliyo kubwa kuliko hii, na inanisikitisha kuwaona wengi wakiikimbia.

Lazima mtu aijue theluji yenyewe, maana si moja. Theluji mpya, kavu na tifutifu, ni rafiki: hujaa kwenye mifereji ya tairi, ikashikana na theluji iliyo barabarani, na mshiko wa theluji kwa theluji ni mzuri kuliko anavyodhani mgeni. Baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri nayo ni rafiki. Unashuka garini, theluji inalia chini ya kiatu, kavu na kali, na hata barafu ina ukavu wa kuaminika kiasi. Adui ni sifuri. Karibu na sifuri barafu huvaa utando wa maji, na hakuna hali inayoteleza kuliko hiyo. Mchana jua likiyeyusha kidogo, jioni yale maji yakiganda, barabara iliyokupeleka kazini siyo itakayokurudisha.

Pana pia mahali pa kutilia shaka. Daraja huganda kabla ya barabara, kwa kuwa baridi hulipata juu na chini. Kivuli cha misonobari hutunza barafu baada ya kwingine kote kukauka. Kwenye taa za barabarani matairi ya wanaosimama na kuondoka huisugua theluji mpaka ikang'aa. Na kuna ile barafu nyembamba isiyoonekana, inayoifanya lami ionekane imelowa tu. Namna ya kuitambua ni kutazama magurudumu ya gari lililo mbele yako. Barabara inang'aa kwa unyevu, lakini matairi yale hayarushi hata tone. Kisha sikiliza: ule mvumo wa matairi yako uliozoea kuusikia unakatika ghafla, garini panakuwa kimya. Ukisikia ukimya huo usifanye lolote. Usipige breki, usiongeze mafuta, usikate usukani. Acha gari lipite.

Sasa mkia ukitoka. Tuseme unaingia kona ya kushoto, gia ya pili, mafuta kidogo. Habari ya kwanza huja kwa kiti, kabla ya macho. Kiuno kinahisi upande wa nyuma umeanza kujongea kulia wakati pua bado iko palepale. Papo hapo usukani unakuwa mwepesi mikononi na kutaka kujizungusha wenyewe kuelekea kulia. Mwenye hofu hurukia breki, na gari huzunguka. Aliyejifunza hupunguza mafuta kidogo bila kuyaachia yote kwa mkupuo, na huufuata usukani kule unakotaka kwenda, upande ule ule mkia unakokwenda. Macho yake hayautazami mti ulio pembeni. Yanatazama mwisho wa kona, pale anapotaka gari lifike, na mikono hufuata macho. Hii kanuni ya macho husemwa na kila mwalimu wa udereva, ila ni theluji pekee inayomfanya mtu aiamini, kwa sababu kwenye theluji ukiutazama mti utaufikia.

Hatari kubwa huja baadaye. Mkia ukianza kurudi mahali pake, hurudi na nguvu ulizotoka nazo, na kama usukani bado umekatwa kulia, gari hurushwa upande wa pili kwa kasi kuliko mara ya kwanza. Mserereko huo wa pili ndio unaowatupa watu mtaroni. Nahodha wa jahazi anayekwenda na upepo wa tezi analijua jambo hili tangu utotoni: wimbi likiisukuma tezi pembeni, usukani hupewa mapema na hurudishwa mapema, kabla chombo hakijanyooka, maana ukingoja kinyooke umeshachelewa. Vivyo hivyo garini. Unarudisha mikono wakati mkia ungali nje, ukiamini kwamba utakuja. Mwanzoni mwili mzima unakataa. Halafu siku moja unakubali, na tangu siku hiyo hutaki tena kuendesha kwa namna nyingine.

Kuondoka nako kuna adabu yake. Magurudumu yamenyooka, gia ya pili badala ya ya kwanza ili nguvu ipungue, klachi inaachiwa taratibu. Gurudumu la nyuma likianza kuzunguka bure, unaacha mara moja, kwa sababu kila mzunguko wa bure unayeyusha theluji na kuigeuza barafu chini yako. Wapo wanaojaza magunia ya mchanga kwenye buti ili kuongeza uzito nyuma. Kwa pikapu tupu ni shauri jema. Kwa gari lenye mizani kama MX-5 silikubali, maana mzigo ukikaa nyuma ya ekseli unauzidishia mkia nguvu ya kurusha gari pale unapotoka. Kwenye buti langu mna koleo fupi na mfuko mdogo wa changarawe ya kumwaga chini ya tairi, na hivyo vimetosha.

Matairi ndiyo yanayofanya haya yote yawezekane, na hapa shukrani ziende Ufini. Kiwanda cha Suomen Gummitehdas, ambacho kampuni ya Nokian imetokana nacho, kilitengeneza tairi la kwanza la majira ya baridi kwa ajili ya malori mwaka 1934, na mwaka 1936 kikaleta la magari madogo, Hakkapeliitta, jina linalouzwa mpaka leo. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kukakamaa joto linaposhuka chini ya nyuzi 7 hivi. Wa tairi la baridi hubaki laini, na uso wake umekatwakatwa kwa nyufa nyembamba zinazoing'ata theluji. Uswidi inaruhusu pia matairi yenye misumari midogo ya chuma, kuanzia mwezi Oktoba hadi katikati ya Aprili, ingawa mtaa wa Hornsgatan mjini Stockholm uliyapiga marufuku mwaka 2010 kwa sababu ya vumbi yanalolikwangua barabarani. Sisi wa kaskazini tunaishi juu ya barafu, na mimi nasimama na misumari. Gari la kusukuma nyuma lenye matairi manne mazuri ya baridi ni salama kuliko fowili yenye matairi ya kiangazi, kwani magurudumu manne yanayosukuma hukusaidia kuondoka, lakini kila gari lina magurudumu manne yanayosimama.

Anayedhani naongea ndoto na aitazame historia ya mashindano. Monte Carlo Rally hukimbiwa mwezi Januari, na njia zake hupita milima ya Alpu ya kusini mwa Ufaransa, penye theluji na barafu. Mwaka 1968 Vic Elford wa Uingereza aliishinda kwa Porsche 911. Mwaka 1969 na 1970 akaishinda Björn Waldegård wa Uswidi, kwa gari hilo hilo. Porsche 911 ni gari la spoti linalosukuma nyuma, na injini yake inaning'inia nyuma kabisa ya ekseli. Uzito ule juu ya magurudumu yanayosukuma huyapa mshiko wa kupanda mlima mweupe. Uzito ule ule, dereva akizembea, huuvuta mkia nje. Waldegård aliufanya mkia huo kuwa mtumishi wake. Nyumbani kwao aliishinda rally ya Uswidi, inayokimbiwa kwenye theluji, mwaka 1968, 1969 na 1970, yote kwa Porsche. Madereva wa kule hufanya jambo ambalo mgeni halitegemei: kwenye kona kali huuegemeza mkia wa gari kwenye ukingo wa theluji uliosukumwa na greda, ukingo ukalishika gari na kulirudisha barabarani.

Mbinu yao nyingine ni kulipeleka gari kwanza upande usio wa kona. Kona iko kushoto, dereva anakata kulia kidogo, anaachia mafuta, uzito unayumba, kisha anakata kushoto, na mkia unakuja wenyewe, gari likiingia kona likiwa limeshaelekea kutoka. Ni mbinu inayotaka kupanga mita nyingi kabla ya kona, wakati kona yenyewe bado haijaonekana vizuri.

Sasa habari hii inatufikia sisi wa Afrika Mashariki. Safari Rally ilianza mwaka 1953, na kwa karibu miaka 20 hakuna dereva aliyetoka nje ya Afrika Mashariki aliyeweza kuishinda. Ilikimbiwa wakati wa Pasaka, masika yakiwa juu, na tope liliwameza mabingwa wa Ulaya mmoja baada ya mwingine. Aliyevunja mwiko huo mwaka 1972 ni Hannu Mikkola, Mfini, kwa Ford Escort linalosukuma nyuma. Akafuata Ove Andersson wa Uswidi mwaka 1975 kwa Peugeot 504. Waldegård akaja akashinda mwaka 1977 kwa Escort, na 1984 na 1986 kwa Toyota Celica. Katikati yao Juha Kankkunen, Mfini mwingine, mwaka 1985, na kabla yake Ari Vatanen, Mfini pia, mwaka 1983 kwa Opel Ascona. Magari yote hayo yanasukuma nyuma. Sioni ajabu kwamba wageni waliolimudu tope letu wengi walitoka nchi za theluji. Tope na theluji vinamdai dereva kitu kimoja: asilazimishe.

Na wenyeji hawakuhitaji kufundishwa. Datsun 240Z, gari la spoti lenye boneti refu linalosukuma nyuma, lilishinda Safari mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann, mkazi wa Kenya, na tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Katikati ya ushindi huo, Januari 1972, gari la aina hiyo hiyo lilimaliza la tatu Monte Carlo, dereva akiwa Mfini Rauno Aaltonen. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano, nne zikiwa mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982. Hata leo dereva wa Hiace anayeshuka Lushoto wakati wa masika, gari likisukuma nyuma na utelezi mwekundu chini yake, anajua tayari nusu ya ninayoyaandika hapa. Akihamia Umeå au Winnipeg asikubali kuambiwa kwamba hajui kuendesha. Amekosa matairi tu na mazoea ya baridi.

Kwenye mashindano zama zilibadilika. Mwaka 1981 Mikkola alishinda Uswidi kwa Audi Quattro, gari la fowili, na tangu hapo gari la kusukuma nyuma halijashinda rally hiyo. Kwa saa ya mashindano hoja imekwisha, na sina sababu ya kuipinga. Lakini saa inapima mwendo. Haipimi kiasi ambacho dereva ameelewa, na kwa kipimo hicho gari linalokusamehe kila kitu linafundisha kidogo.

Nasema hivyo pia kuhusu mitambo ya umeme. Breki zisizofunga magurudumu, zilizotengenezwa na Bosch, ziliingia kwenye Mercedes mwaka 1978; mtambo wa kulituliza gari linaloserereka ukaja mwaka 1995, na tangu Novemba 2014 kila gari jipya linalouzwa Umoja wa Ulaya lazima liwe nao. Mtambo huo hupima mwendo wa kila gurudumu na kulishika breki lile linalostahili, peke yake, haraka kuliko mguu wa binadamu yeyote. Umeokoa watu wengi, na kwenye barabara ya umma mwenye gari lenye mtambo huo auache uwake. Ila hauumbi mshiko. Ukiingia kona kwa mwendo ambao tairi haliwezi kuuhimili, mtambo hauna cha kukupa. Ule uamuzi wa kupunguza mwendo mita mia kabla ya kona bado ni wa mtu, na hauwezi kufanywa na mtu asiyewahi kuhisi tairi likiachia.

Uswidi inalielewa jambo hili. Hapa mtu hapewi leseni kabla hajapita kwenye uwanja wa utelezi, akalihisi gari likimponyoka chini ya usimamizi wa mwalimu. Naliona hilo kuwa moja ya sheria za busara kabisa za barabarani, na ningependa kuona uwanja wa namna hiyo, wa maji na sakafu laini, katika kila kaunti ya Kenya na kila mkoa wa Tanzania, kwa kuwa mvua ya kwanza baada ya kiangazi, ikichanganyika na vumbi na mafuta yaliyolala juu ya lami, inaua.

Gharama zipo na sitaki kuzificha. Tumbo la gari la spoti liko karibu na ardhi. Theluji ikizidi kimo hicho, gari hukaa juu yake na magurudumu kubaki hewani, na siku greda halijapita mimi huenda kwa basi. Kusini, wanakomwaga chumvi barabarani, chuma huliwa, na lazima gari lioshwe chini kila mara. Kioo hugandishwa na pumzi. Na furaha ya kuutoa mkia kwa makusudi haina nafasi kwenye barabara ya watu, hata usiku, hata ikiwa tupu. Mahali pake ni uwanja uliofungwa, au ziwa lililoganda ambalo wenyeji wameshalitoboa na kupima unene wa barafu yake.

Wewe unayesoma haya ukiwa Tampere, Toronto au Minneapolis, mwenye gari la kusukuma nyuma na hofu ya majira yanayokuja, fanya hivi. Nunua matairi ya baridi manne, wala usikubali kuuziwa mawili. Tafuta uwanja mpana usio na nguzo, uombe ruhusa kwa mwenyewe, uende asubuhi theluji ikiwa mpya. Kaa wima, vuta kiti karibu, shika usukani bila kuubana, na uanze kwa kilomita 20 kwa saa.